Mngurumo wa Santuri ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi yangu na watoto. Sisi hatujambo, ila paa la jikoni linavuja palepale pa siku zote.

Amplifaya na waya ulivyotuma vimefika. Fundi redio, yule rafiki wa baba, alikuja Jumapili kuvifunga kwenye mashine ya santuri. Unaukumbuka ule mngurumo, mmmm, baba akiuitikia huku ananyoa ndevu? Fundi alinieleza kwamba waya wa zamani ulipitisha sauti kwenye uzi mmoja, ikirudia kwenye ngao ya nje, yaani wavu wa shaba unaouzunguka, basi kelele za umeme zikadandia humo, ndio huo mngurumo. Huu wako una nyuzi mbili za sauti ndani ya ngao. Kelele ikiingia kote kuwili sawasawa, amplifaya inaifuta.

Akaweka santuri ya yule mwimbaji mwenye sauti nyembamba. Mngurumo hakuna, kimya tupu. Kisha nikamsikia mwimbaji akivuta pumzi! Nikamwona baba kabisa, povu shavuni. Machozi yakanitoka.

Mama alikuwa kitini pake, kiganja juu ya spika. Wimbo umefika katikati, akauliza, "Mbona hamwashi?"

Fundi akazima mashine.

Alipoondoka fundi, nilikaa na mama uso kwa uso, akanieleza kwamba siku hizi husoma midomo tu. Masikio yalianza kumkimbia yeye mama, wakati baba angali hai. Baba alijua, wakaifanya siri yao wawili. Baba alikuwa akiwasha mashine ili mama apate ule mngurumo kiganjani, maana nyimbo zilikwisha kumpotea. Mama hakutuambia sisi, eti tusije tukampigia makelele kama mbuzi aliyeingia shambani.

Kaka, uliniandikia kwamba mama anakukatia simu kwa kinyongo, kwa kuwa hukuwahi mazishi. Hana kinyongo. Anapokea, anakuombea baraka, anakata, kwa sababu hasikii neno. Tena ameniuliza kwa upole umekasirikia nini, maana siku hizi kwenye simu unanyamaza tu.

Fundi amevifunga tena vifaa vya zamani, mngurumo umrudie mama kiganjani, usinune. Wiki ijayo nampeleka mama kwa daktari wa masikio. Nawe njoo, kaka. Ukifika usipige hodi. Ingia moja kwa moja, akuone uso.

Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu sana.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba