Nimemfichia Mume Wangu Viatu, Naye Anadhani Amevipoteza

Mshauri mpendwa, machozi ya kukuletea sina, nina maswali. Mimi ni bibi mzima mwenye wajukuu, darasa sikuliona, herufi nilijifunza ukubwani kwenye magunia ya unga, kwa hiyo ukikuta neno limepinda linyooshe mwenyewe.

Mzee wangu ni seremala, karakana yake iko nyuma ya jiko letu, na mwaka jana alipatikana na saratani ya utumbo, wakampasua wakautoa uvimbe, kisha wakaanza kumtundikia dripu za kemo, na tunashukuru bado yupo, lakini dawa ile imeniacha mdomo wazi, maana iliingia mkononi kwenda kutibu tumbo, sasa kwenye vidole vya miguu ilifuata nini? Miguu imekufa ganzi, mara inamchomachoma kama amekanyaga siafu, vifungo vya shati namfunga mimi, na akishika bomba la maji la baridi asubuhi anaruka kama kapigwa na umeme. Mimi sipendi kuambiwa, napenda kuona, basi aliposinzia kitini nikachukua unyoya wa kuku nikamtekenya vidole, kimya, unyayo, kimya, nilipopita kifundo ndipo akafumbua jicho moja. "We mwanamke, unanitekenya au unaninyonyoa?"

Sasa hospitali kuna binti wa mazoezi ya viungo, akamwambia anunue raba za kufunga kamba, atembee kila siku, tena awe anasimama kwa mguu mmoja ameshika sinki. Siku ya kwanza kumkuta hivyo nilidhani ugonjwa umepanda kichwani. "Unafanya nini?" "Mazoezi." "Ya kuwa korongo?" Nikaona huu ni wazimu, mguu usiosikia ardhi unautembezaje, si ataanguka avunjike nyonga, na mimi sikumuuguza muda wote huu ili aje afe kwa kujikwaa, basi nikazichukua zile raba nikazificha ndani ya sufuria kubwa ya shughuli juu ya kabati, nikasema atatulia.

Atulie wapi! Akaenda karakana pekupeku, aliporudi nikaona matone ya damu kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, nikauliza nani kachinja kuku humu ndani, kumbe ni yeye, kisigino kimebeba msumari, mwenyewe anamenya chungwa.

Kidonda kimeshafunga, muuguzi amesema arudi kutembea, na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu alizitafuta raba zake chini ya kitanda, nyuma ya mbao, mpaka kwenye banda la kuku, na mimi nikatafuta naye, mshauri, nikainama kabisa na tochi, na mwisho akaketi akasema polepole, "Miguu nilijua imekwenda. Kumbe na akili nayo." Nikamwambia si ununue zingine. "Nizipoteze tena?" Tangu hapo hatoki nje, mazoezi kayaacha, na amemwita fundi mwenzake aje kesho kutazama misumeno na randa azinunue, anasema mtu asiyekumbuka alikoweka viatu hafai kushika msumeno.

Nizirudishe kimyakimya chini ya kitanda azikute, au niseme? Na huko kutembea kunamsaidia kweli?

Mimi, Bibi wa Karakana.

JIBU

Shikamoo, bibi. Ipokee kabisa, maana yanayofuata hayana adabu sana.

Kwanza unyoya wako. Dawa ya saratani haina njia moja, inazunguka na damu mwili mzima, na baadhi ya dawa hizo hujeruhi mishipa ya fahamu. Mishipa inayofika kwenye vidole ndiyo mirefu kuliko yote, na kwa kawaida huanza kuumia kule mwishoni. Ndiyo maana ulipopita kifundo alikusikia. Haya yote, pamoja na ule mruko wa bombani, mwambieni daktari bila kupunguza neno, kwa sababu huenda akataka kuangalia upya kipimo cha dawa.

Kutembea kunasaidia? Ganzi yenyewe inaweza isiondoke, na atakayekuapia kwamba itaondoka anakudanganya. Lakini mazoezi huimarisha misuli na kumfundisha mtu kusimama bila kuyumba. Korongo wako pale kwenye sinki alikuwa anajifunza kutoanguka! Wewe ukamkalisha, na kukaa ndiko kunakolegeza miguu. Halafu ukamvua viatu mtu ambaye hawezi kusikia msumari. Bibi, huruma gani hiyo yenye meno? Tena ukashika na tochi. Hapo umenishinda.

Sasa sikiliza. Usizirudishe chini ya kitanda. Kule ameshatafuta, akizikuta ndipo atakapoamini kabisa kwamba kichwa kimekufa. Leo, kabla fundi hajaja, ishushe hiyo sufuria mbele ya macho yake na useme, "Nilizificha mimi. Akili yako ni nzima." Usitangulize habari za uchungu wa kuuguza, hizo ataziuliza mwenyewe akipenda.

Kisha nenda na mzee kwa yule binti wa mazoezi, umwage maswali yako yote, naye akuonyeshe namna ya kusimama karibu na mzee bila kumshikilia kama mtoto. Kila jioni mkague nyayo. Kabla hajavaa kiatu, tia mkono ndani, maana kokoto likiwemo hatalisikia. Maji ya kuoga yapime wewe. Pekupeku ni mwiko, hata chumbani.

Atakasirika, na ana haki. Akitaka kutoka nje usimzuie wala usimlilie mlangoni. Mfunge kamba za raba kwanza, maana vidole vyake haviwezi, halafu mwache aende akanune huku anatembea.