Upande Mweusi wa Meza

Neema mjukuu wangu,

Marahaba sana. Huku Uru tu wazima. Bibi yako anakusalimu, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Unauliza kwa nini randa yako inachana mbao kuukuu badala ya kuzilainisha. Geuza ubao, usukume randa kufuata nyuzi zake, na kisu kitokeze kidogo tu.

Mimi nilijifunzia kwenye mbao za dari ya jiko la mama, tulipolibomoa tujenge la matofali. Zilikuwa nyeusi tii, maana mama alikuwa akikausha mahindi juu yake, moto ukiwaka chini. Nikang'oa misumari, nikaranda mpaka mbao zikang'aa, nikajiona fundi. Nilipozigeuza nirande upande wa pili, mama akaweka kiganja juu ya ubao.

"Huku niachie, mwanangu. Jiko langu limebaki hapa tu."

Sikumwelewa, ila nilimtii. Nikatengeneza meza, weusi ukabaki chini.

Ndiyo meza hii uliyojifunzia kuandika. Mama alishatutoka zamani. Krismasi ukija, inama chini yake unuse. Bado anapika.

Babu yako