Malak Kubakia Shule ya Darsait: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura cha Kamati ya Wazazi

Tarehe: Alkhamisi, 4 Septemba 2025, baada ya Asri
Mahali: Sebuleni kwa Bi Khole, Darsait
Waliohudhuria: Bwana Bakhit (Mwenyekiti), Bi Khole, Bwana Sleiman, Bi Ruqaya (Katibu)
Hakuhudhuria: Bwana Thani, kampeleka mamake hospitali. Mungu amponye.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa Fatiha na kumwombea rehema marehemu Loai, mjumbe mwenzetu. Kiti chake hakikukaliwa, ingawa hakuna aliyekataza.

KUMB. NA. 2/2025: SHAURI LA MALAK
Mwenyekiti alieleza kwamba Malak, binti wa marehemu, amehamia Al Amerat, ng'ambo ya mlima, na mamake, Bi Taghreed, kwa mjomba wake. Kwa kuwa mtoto husoma shule ya mtaa anaokaa, jina lake limepelekwa huko. Lakini Malak hasikii vizuri, na mwalimu anayejua kumfundisha yuko hapa Darsait. Shule imekubali abakie kwa ajili ya hali yake, mradi mamake aende mwenyewe kutia saini, mwisho Jumapili.

Katibu aliuliza mama mtu kasemaje. Ikadhihirika kwamba hajaambiwa. Mwenyekiti alikwenda kutoa mkono wa taazia akidhani Bi Khole kishasema. Bi Khole alikwenda mara mbili akidhani Mwenyekiti kishasema, na kila akitaka kufungua mdomo aliona haya kutaja shule katika nyumba ya msiba. Wote wawili walinywa kahawa wakaondoka.

KUMB. NA. 3/2025: HOJA YA EDA
Bwana Sleiman alisema hata akiambiwa, Bi Taghreed yumo edani kwa kufiwa na mume, na mwanamke wa eda hatoki; mtoto asome Al Amerat, ndiyo kheri aliyoandikiwa. Bi Khole alijibu kwamba wa eda hutoka mchana kwa dharura, na akamuuliza Bwana Sleiman fiqhi hiyo kaisomea wapi, gerejini kwake? Mwenyekiti aliomba neno la gereji lisiandikwe. Bi Khole aliomba liandikwe. Katibu ameliandika kwa kuwa nyumba ni ya Bi Khole.

KUMB. NA. 4/2025: SIMU
Mwenyekiti aliagiza Bi Taghreed mwenyewe aulizwe. Bi Khole alipiga, simu ikawekwa spika. Bi Khole aliposalimu na kueleza yote, Bi Taghreed akasema:

"Bi Khole, mimi nnakungojeni siku zote hizi. Kila mgeni akija nnasema labda huyu kaja na habari ya shule. Aliyekufa mume wangu, mimi nipo. Semeni na mimi."

Aliongeza kwamba kaka yake alikwishamuuliza shekhe, akaambiwa kwa haja ya mtoto atoke mchana na arudi. Jumapili asubuhi atakwenda, ila kaka yake akienda kazini hupita njia nyingine, na hajui nani atamvusha Malak mlima kila siku.

Bwana Sleiman, ambaye watoto wake wameshamaliza shule hapa, naye sasa hukaa Al Amerat na gereji yake iko Darsait, alikohoa. Akasema yeye hupita kila asubuhi na mkewe, na nyuma pana nafasi. Bi Khole alimwambia, "Mungu akuzidishie, mwanangu," na safari hii hakutaja gereji.

Malak akasikika nyuma akiuliza, Jumapili aingie darasani au angoje nje mpaka mambo yaishe? Mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hasemi kitu kabla ya saini, alisema: "Mwambie aingie. Akae mbele. Akiulizwa, aseme wazee wake wanakuja." Bi Taghreed alimrudilia maneno hayo sikioni, mara mbili. Tulimsikia Malak akisema, "Haya."

KUMB. NA. 5/2025: KUFUNGA
Wajumbe wote waliazimia kuwapo langoni pa shule Jumapili. Kikao kilifungwa kwa dua saa kumi na mbili na robo, watu wakaenda kutia udhu.

Bakhit, Mwenyekiti: ....................
Ruqaya, Katibu: ....................