Safari ya Mama ya Kwenda Kayna

Butembo, 9 juin 2001

Kwa yaya Éphraïm, mukubwa wangu, kule Beni,

Barabara imefunguka, donc ninamupa shoferi barua hii. Kuku yako iliangua batoto saba. Maharagi imekauka vizuri.

Yaya, unajua kansa ya mama haiponi. Mwezi wa pili, munganga wa hospitali, infirmière anayemusaidia na pasta balikuja pamoja. Balitaka kuanza kumutunza mapema, angali anatembea. Lakini kwetu, pasta akifuatana na munganga, batu banasema ni kilio. Jirani alishaleta kuni za matanga mulangoni. Nikaona haya, nikaambia munganga na benzake, "Mama alienda safari Kayna." Mama alikuwa nyuma ya rideau ya chumba, anasikia.

Hakuniuliza kitu. Miezi mitatu aliuma shuka kwa sababu ya maumivu, na mimi sikuita munganga.

Juzi ile shuka ilipasuka. Nikaenda kuita munganga na infirmière mimi mwenyewe. Balimupa dawa, akalala. Alipoamuka, infirmière akamuuliza alikuwa wapi siku zote hizi. Mama akaniangalia, kisha akamujibu:

"Nilikuwa Kayna, mwanangu. Barabara ilifungwa."

Ukuje, yaya. Lakini usimuulize habari ya Kayna.

Mudogo wako,
Joyeuse