Ng'ombe Wako, Dada Vumilia

Didia, Shinyanga
9 Machi 2025

Mpendwa dada Vumilia,

Shikamoo. Shemeji Samwel hajambo? Na mtoto, ile homa imemwacha? Sisi huku tunaamka. Mama anasumbuliwa na goti kama kawaida. Mimi tangu nimalize shule nipo tu nyumbani, napalilia choroko.

Najua unadhani baba amekukasirikia, maana hapokei simu zako. Hajakukasirikia. Ng'ombe wako hawapo tena, dada. Wale wa mahari yako, ambao kila ukipiga unawaulizia kabla hata ya kutuulizia sisi.

Kaka Ndaki alikuja kututembelea kutoka machimboni Bulyanhulu, na simu janja yake mpya. Akamsomea baba habari kwamba kila ng'ombe atapigwa picha ya kitambulisho, na atakayekataa kutazama kamera atachukuliwa na serikali. Usicheke. Unakumbuka habari ya ng'ombe kuvalishwa hereni za utambulisho masikioni? Tulicheka hivyohivyo, halafu zikaja.

Baba alisema, "Yule mwekundu hanitazami hata mimi ninayemchunga." Siku ya mnada akawaswaga wote, akawauza kwa bei ya kutupa. Yule mwekundu aligeuka njiani, akataka kurudi zizini. Mama akaingia ndani, akafunga mlango.

Jioni ile Ndaki aliniazima simu. Nikasoma habari yenyewe mpaka chini kabisa, ambako yeye hakufika. Pameandikwa kwamba ukurasa huo ni wa utani. Ikabidi nimsomee baba. Akaniuliza, "Mtani wangu yupi? Mtani anakuja msibani kwako, unamwona uso, unamrudishia. Huyu nitampata wapi?"



Sasa akipita kwenye mashine ya kusaga watu wanamwita, "Baba Vumilia! Ng'ombe walitoka vizuri kwenye picha?" Ameacha hata kwenda kanisani. Ndaki naye aliondoka bila kuaga, na ng'ombe hao ndio aliotarajia kuolea. Asubuhi baba anaondoa miti ya lango la zizi, anasimama kidogo, anairudisha. Simu yako ikiita anaitazama mpaka inyamaze. Nilimsikia akimwambia mama, "Ataniulizia ng'ombe wake. Nitamwambia nini?"

Ndiyo maana nakuandikia. Simu ni ya baba, na mimi unanijua, nikiishika maneno yananikimbia. Barua nampa Donatus, jirani yetu, anayesafiri kuja huko Masasi.

Nakuomba upige Jumapili baada ya misa. Nitapokea mimi, nimwekee baba sikioni. Mwamkie, mwulize mvua, mwulize choroko. Ng'ombe usiwaulizie kabisa. Akiwataja mwenyewe, msikilize tu, hata akilia.

Bibi Mbuke anawasalimu wote, na mama anambusu mtoto. Mungu akulindie nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Mageni

Dada, ukishindwa cha kusema, usikate. Akusikie tu unapumua.