Mlio wa Alfajiri Nisiousikia

Alhamisi, Julai 1996. Baridi kali, vumbi, na mwili umechoka.

Mikono bado inanuka oili na nimeshainawa mara tatu kwa sabuni ya mche. Baridi ya mwezi huu hapa Mpanda haina adabu. Nimeendesha baiskeli kutoka nyumbani Ilembo hadi Misunkumilo kabla jua halijatoka, siku ya pili mfululizo, na magoti yananiuliza mimi ni kijana wa lini.

Kisa ni pikapu ya Mzee Masanja. Ni mzee wa Kisukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, akauza baadhi, akanunua gari. Ukiiwasha asubuhi ikiwa ya baridi inalia ti-ti-ti-ti, kisha baada ya dakika mbili tatu inanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Kila akiileta gereji kwangu Majengo, imeshapata moto njiani, haisemi kitu. Mara mbili nimemwambia, "Mzee, gari nzima hii." Mara mbili amepanda gari lake, akaondoka.

Lingekuwa gari la kubebea mahindi nisingejali sana. Lakini kesho Ijumaa anampeleka mkewe, Mama Shija, Sumbawanga kwa upasuaji. Ana uvimbe tumboni, kwenye basi hawezi kukaa. Ukishapita Sitalike ni pori tupu, wanyama na mbung'o. Kama mlio ule ni wa tapeti zilizolegea, vile vyuma vidogo vya juu ya injini, watafika. Kama ni beringi za huko chini, injini inaweza kunoki katikati ya pori, isiwake tena, na mgonjwa yuko ndani.

Ndiyo maana sikutaka kubahatisha. Juzi nikamwagiza mzee asiiwashe, nitakuja mwenyewe alfajiri niisikilize ikiwa ya baridi.

Jana nafika, naikuta inaunguruma uani, boneti ya moto. Mzee anatabasamu.

"Mwangaluka, fundi! Nimekupashia moto mapema. Mgeni hapokelewi na kitu cha baridi."

Na uji wangu ulikuwa tayari, wa moto vilevile. Nilimtolea maneno makali mbele ya mkewe, kwamba anapoteza muda wangu. Mtu aliyeamka saa kumi na moja kwa heshima yangu! Nikanywa uji wake nimenuna.

Sasa ngoja niandike ukweli, maana daftari hili halina msomaji ila mimi.

Nilifurahi.

Nilipoikuta ya moto, moyo ulitulia. Tangu nitundikiwe dripu za kwinini mwaka juzi, kwa malaria iliyokaribia kunichukua, masikio yangu yanavuma. Sauti nzito nazisikia, nyembamba zinapotea. Mke wangu analalamika kwamba redio yetu inasikika hadi kwa majirani, nami namjibu kwamba redio yenyewe ndiyo mbovu. Gereji nimejifunza kutikisa kichwa huku naangalia uso wa mwenye gari. Boneti ya moto ilinipa kisingizio cha siku moja zaidi.

Leo mzee hakuiwasha. Nilimkuta amekaa mlangoni amejifunika blanketi, akaninyooshea viganja vitupu kuonyesha kwamba hajagusa. Nikafungua boneti, nikamwambia awashe. Nikainamisha kichwa.

Mngurumo tu, na mvumo wangu wa siku zote. Sikusikia mlio wowote.

Mama Shija alikuwa ametoka nje, ameshikilia ukuta. "Hiyo hapo," akasema. "Inalia. Kwani nyie hamsikii?"

"Tunasikia, Mama," nikajibu. Nimemjibu hivyo mwanamke mgonjwa, bila hata kupepesa macho.

Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka kwenye kifuniko cha tapeti, mpini nikaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Kila fundi hufanya hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Na pale, kwenye mfupa, nikaipata. Nyepesi, ya harakaharaka, upande wa silinda ya tatu. Nikashusha bisibisi hadi chini kwenye bloku, pametulia. Nikarudia mara tatu huku naomba Mungu. Beringi ikiisha hugonga kwa uzito, tena huko chini kwenye bloku. Hii ilikuwa tapeti. Nilitaka kulia, nikajifanya napiga chafya.

Tukazima. Nilipofungua kifuniko nikakuta nati ya tapeti moja imelegea, nafasi yake inaingia ukucha. Nikaiseti, nikakaza, nikafunga. Mzee akawasha tena.

"Imenyamaza, fundi?"

"Imenyamaza."

Lakini mimi ningejuaje? Mama Shija alikuwa ameshaingia ndani kujilaza, na mzee mwenyewe masikio yake ni ya uzee. Leo ndiyo ameniambia kwamba siku zote mlio ule alikuwa anaambiwa na mkewe. Tena injini ilikuwa imeshapata moto, na ikiwa ya moto hunyamaza hata bila fundi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Nikapanda baiskeli haraka, sikutaka anitazame usoni.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Miaka yote niliuchukulia msemo huo kuwa unanihusu mimi na kifo changu. Leo nimeona kwamba anayekufa anaweza kuwa mke wa mtu mwingine.

Naogopa, sitaficha. Watu wa Majengo wakijua, nani atamletea injini fundi asiyesikia? Mikono yangu bado inajua kazi, lakini mteja hataki kusikia habari za mikono. Hata hivyo nimechoka. Kujifanya kunachosha kuliko kubeba gia boksi.

Wanaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nitafika saa kumi na moja, injini ikiwa ya baridi kabisa. Nitamwekea Mama Shija kigoda karibu na boneti, na mbele ya mumewe nitamwambia: Mama, mimi sisikii. Nisikilizie wewe.