Disque Mupya na Kaye ya Kumi

Vulamba, Butembo
Tarehe 6 Février 2003

Mupendwa dada mukubwa, yaya wangu Mariette,

Nakusalimia sana, wewe na nyumba yako yote. Munaamka muzuri kule Kinshasa? Bwana yako Vagheni hajambo? Na batoto je? Ile homa ya mudogo wa mwisho ilipona kweli, ao unanificha ili nisihangaike? Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Bénie anaota meno ya juu na anauma kila kitu, hata kidole ya papa mudogo Maliro. Bwana yangu Élysée angali Kasindi ku mupaka na kazi yake ya kujaza makaratasi ya douane, anarudi kwa siku kumi na tano mara moja. Mimi maziwa iko mingi, nguvu iko kidogo, lakini siugui.

Yaya, mbele ya yote: usikae matanga ya papa. Kama ulifunga kitambaa nyeusi, fungua. Ile neno niliyokupa ku phonie, ile radio ya kusemezana, siku ya mungu, ya kusema jina la papa haiko mu liste, nakuja kuiondoa. Nitakueleza sababu yake, mais lazima nianze na machine, bila hiyo hutaelewa kitu.

Unajua kama tangu Décembre natumika mu bureau ya comité ya wakimbizi, hapa Vulamba. Batu wanaokimbia vita ya Mambasa na njia yote ile banafika Beni, na kule banaandikwa na bic mu kaye, ni kusema daftari: jina, umri, kazi, ametoka wapi, na mu sanduku ya mwisho, anatafuta nani. Kisha makaye inaletwa huku kwa pikipiki, sababu sisi tuko na machine ya kompyuta. Mimi napiga, machine inapanga majina, na mutu akija kuuliza ndugu yake tunamujibu palepale. Tangu papa apotee kule Mambasa mu Octobre, kila kaye mupya nilikuwa naifungua nikiomba jina yake.

Machine yenyewe ni ya zamani, ile kubwa ya kusimama chini ya meza. Zamani ilikuwa na rangi ya maziwa, sasa iko rangi ya chai. Mwanzo wa Janvier ikaanza kulia: ka, ka, ka, sawa mutu anayegonga kikombe na kucha. Inasimama katikati ya jina, naingojea, kisha inaendelea sawa mwenye kigugumizi. Nikamwambia mukubwa wetu wa kazi, Abdias. Akasema, « Mama Bénie, piga tu, itazoea. »

Haikuzoea. Siku moja asubuhi ikatoa maandiko meupe mu rangi ya bluu na ikakataa kabisa.

Abdias akaita Kasimu, mutengenezaji wa maradio, yule wa familia ya Beni. Akafungua ile sanduku na kutoa kitu sawa kopo ya sardine. Akasema kama hiyo njo disque dur, ghala ya machine, yote niliyopiga inalala ndani yake. Akaitia ku sikio, akaniangalia na Bénie ku mugongo: « Mama, hii disque imechoka kuliko wewe. »

Basi, kutafuta ingine. Hapa Butembo haiko. Tukamutuma Moustapha, ndugu ya Kasimu, mwenye camion ya Kampala. Nikamwambia tunataka disque. Akaniuliza, « Ya muimbaji gani? » Nikacheka, mais kicheko iliisha haraka, sababu ile aliyoleta haikuingia. Nyaya ya machine yetu na meno ya ile disque hazikupatana hata kidogo. Akarudi nayo. Safari zote mbili, siku kumi na mbili, yaya! Batu banasimama ku mulango na majina ya bapotevu babo, na mimi nasema machine iko mugonjwa, sawa ni mutoto wangu. Papa mudogo Maliro alikuwa anapita kila siku akitoka soko: « Ile televizyo yako imesema nini leo? » Nilikuwa nataka kumutupia kiti, Mungu anisamehe.

Disque ya pili ikaingia. Kasimu akaziweka zote mbili ndani, ile mupya akaiita maître, ni kusema bwana, ile nzee akaiita esclave, mutumwa, na kuhamisha kipande kidogo ya plastiki nyuma yazo. Nikakasirika: hata humo ndani kuko esclave? Akasema, « Usisikitike, mama. Huyu anatua tu muzigo wake, kisha anaenda kupumuzika. » Kweli akatua makaye kenda, moja moja, na mimi nikiomba kimoyomoyo. Ku ile ya kumi ikatoa mulio mrefu, ikanyamaza. Kasimu akaitia tena ku sikio, akaichomoa.

Donc kaye ya kumi, niliyokuwa nimeanza kidogo tu, nilipaswa kuianza upya, na Beni walikuwa wanaidai irudi kesho yake. Na groupe ya umeme ilikuwa na essence ya saa mbili tu. Kasimu alikuwa amekwisha kwenda. Nikamufunga Bénie ku mugongo, nikakaa, nikaanza.

Unakumbuka vile masœurs wa misioni walitufundisha dactylo, kupiga herufi na machine, mimi na wenzangu? Sœur alikuwa anafunika mikono yetu na serviette, na ukiinua macho kutoka ku karatasi anakugonga na règle. Macho ku karatasi, vidole vinajua njia, kichwa haisomi: herufi tu, si majina. Njo vile nilipiga. Kurasa ine nzima, mbio, nikijisifu moyoni. Kisha nikainua macho.

Yaya, hapakuwa hata jina moja ya mutu. Kila a imekuwa q. Kila w imekuwa z. M imekuwa vidoti. Namba zote zimekuwa alama sawa za matusi. Bénie mwenyewe angepiga muzuri kuliko mimi. Nikalia pale, na groupe ikilia pamoja nami.

Abdias akatuma mutu kumuita Kasimu; alipofika akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Ile programme aliyoweka mu disque mupya ilitoka Kampala, inajua tu kingereza, na inafikiri mabouton yetu imepangwa sawa za Uganda. Zetu zimepangwa kifaransa. Akabonyeza hapa na pale, ikatengenea kwa dakika mbili. Dakika mbili! Hiyo njo iliniuma zaidi ya yote. Nikataka kurudilia zile kurasa ine, Abdias akakataa: « Hapana, endelea mbele, essence inakwisha. Zile tutasahihisha. » Nikaendelea na ukurasa wa tano, nikamaliza, na kaye ikarudi Beni.

Siku ya mungu papa mudogo akaja kisha misa. Safari hii hakusema neno ya televizyo. Akaweka kofia ku goti: « Andika jina ya mukubwa wangu, papa yenu. » Nikaandika Syauswa, nikaambia machine itafute mu makaye yote kumi. Ikaleta batatu: mwanamuke mmoja na batoto babili. Papa haiko. Papa mudogo akasimama polepole, akavaa kofia, akaenda kuwatumia batu yetu ya Kalunguta habari kama matanga ni siku ya posho, mwisho wa juma. Na mimi nikaenda ku phonie kukuambia. Nilikusikia ukilia, yaya, na bado ukakumbuka kusema « à vous » ili mimi nijibu, sababu yule mwenye phonie alikuwa anakuangalia. Nilirudi nyumbani na ile « à vous » mu masikio.

Na zile kurasa ine sikuzikumbuka hata kidogo. Mimi mwenyewe niliyezipiga! Machine ilikuwa inatafuta Syauswa iliyoandikwa sawasawa, na mu kurasa zile hakuna kitu iliyoandikwa sawasawa. Hasira yangu yote ya Kasimu, ya Moustapha, ya Abdias, sasa imenirudilia mimi mwenyewe.

Leo asubuhi Abdias akasema nianze kuzisahihisha. Nikakaa na karatasi pembeni: q ni a, z ni w. Polepole, jina kwa jina. Ku ukurasa wa tatu, mu uchafu ule wote, macho yangu ikaona neno moja safi, haina kosa hata moja: cordonnier, mushona viatu, kazi ya papa. Fikiri mwenyewe, neno ile haina a, haina m, haina w. Nikarudi ku mwanzo wa mustari. Syquszq. Umri, ^*, ni kusema sita na nane: sitini na nane, sawa papa. Ametoka :q;bqsq. Nikajiambia, tulia Kavuo, Mambasa inaweza kuwa na cordonnier mwingine. Kisha nikasoma sanduku ya mwisho, anatafuta nani:

Kqvuo nq :qriette.

Nilipiga kelele. Bénie akalia, Abdias akakimbia kutoka chumba ingine: « Disque imekufa tena? »

Papa mudogo hakukubali upesi. Akasema mukubwa wake hana jina ya alama za siri za basoda wa jeshi. Nikamushika kidole, nikamuonyesha ku mabouton namna a inakuwa q, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka akaanza kusoma yeye mwenyewe, herufi kwa herufi. Alipofika ku jina lako akakaa chini ku simenti.

Sitakudanganya, dada yangu. Papa aliandikwa tarehe 11 Janvier, na tangu siku ile ni karibu mwezi. Aliandikwa mzima, mais sijui amelala wapi leo, na miguu yake unaijua. Papa mudogo anasema matanga hataiondoa mpaka asikie sauti ya papa. Basi kesho napanda gari na Moustapha, mimi na Bénie, tunaenda Beni kumutafuta. Nitashuka kidogo Kalunguta kuambia batu wangojee. Phonie basoda waliifunga tangu lundi, siku tatu sasa, njo maana nakuandikia. Barua hii Zorobabel, jirani yetu, atapanda nayo ndege kesho Beni, na aliniapia kama atakupa mu mkono wako.

Nisalimie Vagheni, na batoto bote, na mama Berthe jirani yako aliyelia pamoja na wewe siku ile ya phonie. Élysée bado hajui kitu, nimemutumia neno ku dereva. Papa mudogo Maliro anakusalimia. Ameketi hapa mulangoni, ananiuliza kila mara kama nimeandika muzuri umri wa mukubwa wake. Mungu afunge mulango ya nyumba yako ku mabaya, na aifungue ku habari njema.

Na ukinijibu, yaya, usiandike jina langu juu ya enveloppe. Andika la papa: Mungu akitaka, yeye njo ataifungua. Liandike sawasawa, na a zake zote.

Mudogo wako mwenye kukupenda bila kipimo,

Kavuo Emérence